Mwaka Tulioijenga Athene Uani Junda

Mwezi uliopita nilikwenda Changamwe kumzika Rahel. Nilifika nimechelewa, maana miguu siku hizi hainitii, na wanawake wakanipisha nikapata kiti cha nyuma karibu na ukuta wa ua, mahali ambapo mtu husikia zaidi kuliko anavyoona. Sikuja kulia. Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba nakwenda kwa heshima ya siku za nyuma, niwape mkono binti zake, nirudi kwangu. Mchungaji akasimama akaeleza kazi za marehemu, shule alizozisimamia, watoto wasio wake aliowalea, kisha akatoa kitabu chembamba chenye jalada lililopauka. Alisema anataka kutusomea maneno ya marehemu mwenyewe ili tumsikie kwa mara ya mwisho. Akasoma habari ya watu wa Athene walivyouhama mji wao Waajemi walipokaribia: "Wakaifunga milango kwa mikono yao wenyewe. Kila mtu akageuka mara moja kuitazama nyumba yake, kisha hakuna aliyegeuka tena mpaka miguu ilipoingia majini." Mama aliyekaa ubavuni pangu akapangusa macho na pembe ya leso, akaninong'oneza, "Kiswahili chake kilikuwa kitamu, si masihara." Nikamjibu, "Kilikuwa kitamu," na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Lakini maneno yale yalikuwa yangu. Niliyatunga mimi, nimekaa juu ya jamvi katika ua wa shangazi yangu Junda, mwaka wa pili baada ya vita vikubwa kwisha, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kwa shangazi baada ya ndoa yangu kuvunjika, na hilo halina haja ya maneno mengi. Shangazi, Bi Mwanakombo, alikuwa na nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba vitatu vya giza na ua mpana wenye mwanga. Maisha yetu yote yalikuwa uani. Mchele ulikuwa haupatikani, na sukari ilikuwa hadithi. Tulikula muhogo wa nazi, na unga wa njano ulioletwa kwa meli ambao shangazi aliusonga huku akiutukana, na chai tuliikoroga kwa sukari guru mpaka ikawa nyeusi kama maji ya mikoko. Baada ya sala ya adhuhuri wanawake watano au sita wa jirani walikuja na vifungu vyao vya ukili, wakakaa chini ya kivuli cha paa la jiko, wakasuka mikeka. Kazi yangu mimi, zaidi ya kusuka, ilikuwa kusimulia. Shangazi alinifundisha kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu nikiwa mdogo, na alikuwa na sanduku la tenzi za kale zilizonakiliwa na mama yake. Nilizijua nyingi kwa moyo. Zilipokwisha nilibuni zangu, na wanawake walikuwa hawajui wapi zimekomea za kale na wapi zimeanzia zangu.

Rahel alikuja kununua mkeka. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, mtu wa Rabai, mrefu, mwenye viatu vya kamba na gauni lililopigwa pasi vizuri hata ukaogopa kumkaribisha chini. Alikuwa amenizidi miaka minne tu. Alitamka "Shikamoo, Bi Mwanakombo" kwa adabu kamili, akaitikiwa, akaonyeshwa mikeka. Mimi wakati huo nilikuwa katikati ya kisa, sikumbuki kisa gani, na sikunyamaza kwa ajili ya mgeni. Alisimama na mkeka mkononi mpaka nilipomaliza. Kisha akanisogelea pembeni akaniuliza, "Dada, maneno haya umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma. Nayasema tu."

Akacheka kidogo, akakaa pale pale chini na gauni lake lile. Alinieleza shida yake bila kuficha, na nilimpenda kwa hilo. Bwana Mkaguzi wa shule, Mzungu aliyejisifu kwa Kiswahili chake, alikuwa amempa kitabu cha Kiingereza cha habari za mji wa kale wa Wayunani, Athene, jinsi ulivyoinuka na jinsi ulivyoanguka, akakitie katika Kiswahili kwa ajili ya madarasa ya juu. Rahel alikuwa ameshampelekea kurasa kumi. Zilirudi na mistari myekundu kutoka juu mpaka chini, na chini kabisa Bwana Mkaguzi ameandika kwamba hiki ni Kiswahili cha mtu anayetembea na jiwe ndani ya kiatu. "Kiingereza nakielewa," Rahel akasema. "Kiswahili nakielewa. Lakini nikitoka huku kwenda kule napotea njiani. Wewe hupotei." Shangazi alikuwa anasikia yote. Akasema bila kuinua kichwa, "Basi ndoo kesho baada ya adhuhuri. Ukae naye."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Rahel alikuja siku nne kila wiki shule ikifungwa, amebeba kile kitabu kikubwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Alisoma kimoyomoyo, akaniambia kwa maneno yake kilichosemwa, nami nikamwuliza maswali mpaka nikakiona kisa mbele yangu: nani alisimama wapi, walikula nini, upepo ulitoka upande gani. Mara nyingi kitabu hakikujibu. Asubuhi ya siku iliyofuata, kabla jua halijapata nguvu, niliandika kisa kile kwa herufi zangu, na Rahel akija nilimsomea taratibu naye akaandika kwa herufi za Kizungu. Tuligombana juu ya maneno kama watu wanaogombania uwanja. Kuna neno moja la Kiingereza alilitafsiri "raia". Nikamwambia, "Haliwi. Raia ni mtu wa chini ya mfalme. Wewe umenambia hawa walikuwa hawana mfalme, wanakutana mlimani wanaamua wenyewe." Akafikiri, akaniuliza, basi waitweje. Nikasema, "Wenye mji." Aliandika, akalitazama neno lile kwa muda, akasema, "Wenye mji. Mungu wangu, Mishi, ndiyo yenyewe." Sijui kama nimepata kufurahi namna ile tena. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba ninachokijua ni kitu.

Wanawake wa ukili nao waliingia katika kazi ile bila kuitwa. Athene ilipochomwa moto walisikitika kana kwamba zimeungua nyumba za jirani. Watu waliporudi wakaukuta mji ni majivu, wakaanza kujenga ukuta usiku na mchana, wanaume, wanawake na watoto, wakitia ndani hata mawe ya makaburi, mmoja akauliza kwa nini mbio zote hizo. Nikaeleza kwamba Sparta, mji mwingine wenye nguvu, haukutaka Athene iwe na ukuta, na mkubwa mmoja wa Athene alikuwa amekwenda Sparta kuwapotezea siku kwa maneno mpaka ukuta uinuke. Walicheka wakajipiga mapaja. Nilipofika kwenye kuta mbili ndefu zilizotoka mjini mpaka bandarini, shangazi alitaka kujua ni urefu gani, na Rahel akasema ni kama kutoka hapa hadi ng'ambo ya daraja la kuelea na zaidi. Shangazi akatikisa kichwa. "Mui wenye njia ya kwenda pwani ndani ya ukuta hauwezi kufishwa njaa," akasema, "ila kwa upumbavu wa wenyewe." Niliiandika kauli ile kama ilivyo, na "mui" wake badala ya "mji".

Kisa nilichokipenda zaidi ni kile cha kiapo. Baada ya Waajemi kufukuzwa, visiwa na miji ya pwani iliiomba Athene iwaongoze ili maadui wasirudi. Walikutana katika kisiwa kitakatifu cha Delo, wakala kiapo, wakatupa mapande ya chuma baharini, maana yake kiapo kitadumu mpaka chuma kile kielee. Kitabu cha Kiingereza kiliwaita watu wale kwa neno ambalo Rahel alilifanya "marafiki". Mimi nikasema wenzi wa kiapo. Kila mmoja alileta mchango wake, merikebu au fedha, na hazina ikawekwa Delo. Kisha miaka ikapita. Kisiwa kimoja kikasema sasa tumechoka, tunatoka. Athene ikakizunguka kwa merikebu, ikakibomolea ukuta. Baadaye hazina ikahamishwa kutoka Delo ikapelekwa Athene, na kwa mali ile wakajenga nyumba nzuri za ibada juu ya mlima wao. Siku niliyosimulia hayo, mama mmoja aliyeitwa Mwanasha, mtu asiyesema sana, aliacha ukili akaniuliza, "Na wale wenzi hawakuulizwa?" Rahel akasema hawakuulizwa. "Basi si wenzi tena," Mwanasha akasema, akarudi kwenye kazi yake. Rahel naye alitikisa kichwa kukubali. Namkumbuka wazi akitikisa kichwa.

Katika miezi ile alinifundisha herufi za Kizungu. Sikumwomba, alijitolea mwenyewe. Aliniletea kibao na chaki kutoka shuleni, na kila tulipopumzika kula aliniandikia neno, nami nikalisoma huku nikitafuna. Alikula chakula chetu bila kujidai. Alipenda mbaazi za nazi na mahamri ambayo shangazi aliyakaanga alipopata ngano, na alikuwa na tabia ya kufuta sahani kwa kipande cha mwisho mpaka ing'are. Alikuwa akinisimulia juu ya mabweni alikosomea, uji wa bure na kengele nyingi, na jinsi alivyoahidiwa kwamba kitabu hiki kikitoka vizuri huenda akapelekwa Uganda kusoma zaidi, na akirudi apewe shule yake mwenyewe. Wakati huo hapakuwa na mwanamke wa pwani, mweusi, aliyepewa shule yake mwenyewe katika habari tulizozijua. Mimi nilimwombea dua. Siku moja aliandika kwenye kibao majina mawili, la kwake na la kwangu, moja juu ya jingine, akanipa nisome. Nikasoma langu kwa shida, herufi kwa herufi. "Hivi ndivyo itakavyokuwa kwenye ukurasa wa kwanza," akasema. "Haki ya Mungu, Mishi. Tumefanya wawili." Sikuwa nimemwomba hilo pia. Kama asingelisema, pengine nisingelitaka.

Tuligombana kweli mara moja tu, juu ya kisiwa cha Milo. Vita baina ya Athene na Sparta vilikuwa vimeshaanza, maradhi yalikuwa yameshaingia Athene yakaua watu ndani ya kuta zao ndefu, akafa na mkubwa mwingine, aliyewaongoza kwa miaka mingi. Milo kilikuwa kisiwa kidogo kisichotaka upande wowote. Athene ikapeleka merikebu, ikawaambia wanyenyekee. Watu wa Milo wakasema hatukuwakosea kitu, tuacheni. Wakajibiwa kwamba wanyonge hawana la kudai. Wakakataa kunyenyekea, wakazungukwa, na walipojitoa wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa. Rahel alitaka tukipite kisa kile kwa mistari miwili. Alisema ni cha kutisha kwa watoto, na zaidi ya hapo kitabu kimeshakuwa kirefu. Nikakataa. Nikamwambia kwamba ukikitoa, msomaji hatajua kwa nini Athene ilianguka. Ataona tu kwamba ilipata maradhi, ikapata vita, ikapata bahati mbaya. "Ilianguka kwa sababu siku iliyoyumba hapakuwa na mwenzi aliyetaka kuishika mkono," nikasema. Alinitazama. Alisema sauti yangu imekuwa kubwa. Kisha akasema, "Haya. Andika." Niliandika kurasa sita, zilizonitoa machozi mimi mwenyewe, na wanawake waliposomewa hapana aliyesuka hata mstari mmoja.

Tukafika Sisilia, ambako Athene ilipeleka jeshi lake lote zuri kuteka nchi ya mbali isiyoijua, likaishia humo, wengine wakafungwa machimboni mwa mawe wakafa kwa jua na kiu. Wenzi wa kiapo wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwisho merikebu za mwisho zikatekwa zikiwa pwani, watu wakiwa wameshuka kutafuta chakula, na Sparta ikaja ikazibomoa kuta ndefu huku wapiga filimbi wakipiga filimbi. Nilimaliza mwezi wa Shaabani. Shangazi alinitaka nimsomee sura ile ya mwisho mara mbili. Hakusema kitu ila, "Maskini. Na mato yao wenyewe wazione kuta zikianguka." Rahel alinikumbatia. Alichukua karatasi zangu zote, zile za herufi za Kiarabu, akazitia kwenye mfuko wake pamoja na daftari zake, akasema anataka kuzilinganisha nyumbani kwa utulivu kabla ya kuzipeleka. Nilimpa nikiwa radhi kabisa. Nilizifunga mimi mwenyewe kwa ukili.

Ramadhani ikapita, hakuja. Nikasema ni kwa sababu ya mfungo, hataki kutusumbua. Idi ikapita, tukamwekea chakula, hakuja. Alipita mara moja mwezi wa pili yake, amesimama mlangoni, akasema kitabu kimekwenda kupigwa chapa na kazi za shule zimemzidi. Hakuingia uani. Shangazi alimtazama akienda zake akasema, "Huyu ana jambo." Nilimkatalia. Nilisema shangazi unamwonea, mwalimu amechoka.

Halafu shule ikaagiza mikeka. Walikuwa na siku ya wazazi na walitaka mikeka kumi na miwili ya kuketia wageni. Tuliichukua mimi na Mwanasha vichwani asubuhi, tukaambiwa tuiweke nyuma ya chumba kikubwa na tungoje. Kile chumba kilikuwa na madirisha marefu yasiyo na vioo, na sisi tulikaa chini yake upande wa nje, kwenye kivuli. Ndani wazazi walikuwa hawajafika bado. Nilisikia sauti ya Bwana Mkaguzi, nene, ikitamka kila neno kama anayelipima, na sauti ya Rahel ninayoijua. Moyo uliruka kwa furaha nilipoisikia. Nilitaka kuinuka nimwite. Bwana Mkaguzi alikuwa anasema, "Nimeshangaa sana, Mwalimu. Kurasa za kwanza ulizoniletea na kitabu hiki, ni kama watu wawili tofauti. Nani amekusaidia?"

Kukawa na kimya kidogo. Mpaka leo nakihesabu kimya kile.

"Hapana mtu, bwana," Rahel akasema. "Kuna mama mmoja tu Junda, msuka mikeka, hakwenda shule. Nilikuwa nikimsomea. Nikiona haelewi, najua na watoto hawataelewa, narahisisha."

Bwana Mkaguzi akacheka akasema hiyo ni akili kubwa. Mwanasha alinishika mkono kwa nguvu. Alidhani nitainuka. Sikuinuka. Nilikaa pale nikitazama vidole vyangu, vina michirizi ya kijani ya rangi tunayotilia ukili, na nikawaza kitu cha kipumbavu, kwamba mimi siyo "mama", yeye ndiye anayenizidi miaka minne. Walipotoka kwenda kupokea wageni niliingia ndani. Juu ya meza kulikuwa na rundo la vitabu vipya, harufu ya gundi ingali mbichi. Nilifungua kimoja. Nilisoma jina lake kwenye ukurasa wa kwanza, kisha nikatafuta la kwangu chini yake, na juu yake, na nyuma ya ukurasa. Nikafungua ndani. Hicho ndicho kitabu cha kwanza nilichopata kukisoma kwa herufi za Kizungu, na nilikisoma haraka kwa sababu kila sentensi niliijua kabla sijaifikia. Wenye mji walikuwemo. Wenzi wa kiapo walikuwemo. Kauli ya shangazi juu ya njia ya pwani ilikuwemo. Nilipofika mahali pa Milo niligeuza ukurasa, nikaurudisha, nikaugeuza tena. Milo haikuwemo, hata ile mistari miwili. Kutoka kwenye maradhi kitabu kiliruka moja kwa moja mpaka Sisilia.

Nilipoinua macho Rahel alikuwa mlangoni. Hakuuliza nafanya nini pale. Aliufunga mlango nyuma yake.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Mishi, angejua ni wewe, Uganda ingekwisha. Wangesema kumbe hawezi, ametafutiwa. Wanangoja hilo tu. Wewe jina ungelifanyia nini? Ungebaki Junda, na kitabu kingekuwa hakina faida kwako wala kwangu."

"Ungesema hivyo toka mwanzo. Ningekupa. Wallahi, Rahel, ungeniomba ningekupa." Na ni kweli, ningempa. Hilo ndilo ambalo hakulielewa. "Lakini umesema sielewi. Umemwambia nilikuwa sielewi."

Akaanza kulia. Nikamwuliza Milo iko wapi. Akasema Bwana Mkaguzi hakuipenda, alisema itawatia watoto mawazo juu ya serikali, na yeye hakuona haja ya kubishana kwa kurasa sita. Nikamwuliza karatasi zangu ziko wapi. Aliinamisha kichwa. Alisema alikuwa ameogopa mtu asije akaziona nyumbani kwake, kwa hiyo alizitia motoni. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Zote." Nilimpita nikatoka. Mwanasha aliniuliza njiani mara tatu amesema nini, nami nikazidi kukaza mwendo. Nyumbani nilimwambia shangazi, naye hakunikumbusha kwamba alishaniambia. Alinipikia uji, akanikalisha karibu naye. Baadaye nilimsikia ndani akimwambia Mwanasha, "Angemwibia kitu cha dukani ingekuwa afadhali. Mtoto huyu alikuwa ameanza kunyooka mgongo."

Nilijaribu kuiandika Milo upya. Nilikaa asubuhi nyingi na karatasi. Kisa nilikijua, lakini maneno yale ya kwanza hayakurudi, na yaliyokuja mahali pake yalikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na uhusiano na watu wa Milo. Niliacha. Wanawake waliponiambia nisimulie niliwapa visa vya zamani, vya sandukuni, na nadhani walijua tofauti ila hawakusema.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni, mvua ndogo zimekatika, Rahel alipokuja tena. Aliingia uani moja kwa moja safari hii, mbele ya wote, akaamkia, shangazi akaitikia "Marahaba" fupi. Alikuwa amekonda. Alibeba kitabu kingine ndani ya mfuko ule ule. Alikaa mbele yangu akasema Bwana Mkaguzi amefurahi na kile cha kwanza, amempa cha pili. Uganda itategemea hiki. Alikuwa amejaribu peke yake mwezi mzima. "Nimekuja kukuomba msamaha kwanza," akasema. "Na safari hii majina yatakuwa mawili. Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia yote."

"Umeshamwambia?"

"Nitamwambia tukimaliza."

Wanawake wote walikuwa wameacha kusuka. Nilitaka sana kukiona kile kitabu. Kilikuwa kinene kuliko cha kwanza, na ncha ya picha ilikuwa imejitokeza, mlango mkubwa wa mawe na watu wadogo chini yake. Nilisema, "Mwalimu, mimi ni msuka mikeka. Hayo sielewi." Nilisema kwa upole. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miezi, na yalitoka vizuri kabisa, kila moja mahali pake. Alikaa kidogo, akaniangalia kama anayengoja niseme jingine, kisha akainuka, akaaga kila mtu, akatoka. Uganda hakwenda. Kile kitabu cha pili alikifanya peke yake kikarudishwa, na hakuandika kingine maisha yake yote. Shule aliipata baada ya miaka mingi, kwa jasho lake. Mimi pia sikuandika. Hakuna mwingine aliyewahi kuingia uani kwetu na kitabu mkononi kuniuliza neno fulani litakuwaje.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, alipotoka tu, nilihisi nimepona. Nilichukua ukili wangu. Shangazi akaniita.

"Mishi."

"Abee, shangazi."

"Kitabu hicho kilikuwa cha nini?"

"Cha mji mwingine."

"Nao ulianguka?"

"Nadhani."

"Uliangukaje?"

Kupitia mlango wa ua nilimwona Rahel kwenye njia ya mchanga, anatembea polepole, mfuko umemwelemea bega moja. Hakuwa amefika mbali. Ningemwita kwa sauti ya kawaida angesikia.

"Sijui," nikasema. "Sikumwuliza."